Parachuti Aliyoitamani Meja Kasubi

Upepo wa asubuhi ulimvusha mto Koplo Mbwilo, ukamtua na parachuti yake katikati ya kambi ya adui. Wiki nzima akafungiwa chumba chenye dirisha moja, akisubiri kupigwa risasi.

Mkuu wa kambi, Meja Kasubi, aliitamani ile parachuti. Vifua vya wenzake vilijaa nishani, yeye alikuwa na kitambi tu.

"Ikunje," akaamuru. "Nataka vijana wangu wanione nikishuka kutoka mawinguni."

Mbwilo akaikunja, kisha akapiga magoti. "Afande, kwetu aliyeikunja ndiye hutangulia kuruka nayo, kuijaribu. Nakuomba unisamehe hilo."

"Kumbe umeiharibu ili nife? Utaruka wewe."

"Basi iwe asubuhi, afande. Upepo wa jioni unanitisha."

"Itakuwa jioni," akasema Meja, akijipongeza kwa akili zake nyingi.

Jioni wakapaa kwa kindege cha kambi. Meja mwenyewe, kwa ukarimu, akamsukuma Mbwilo nje kwa buti. Parachuti ikafunguka vizuri mno.

Wiki ile nzima, kupitia lile dirisha, Mbwilo alikuwa ameona kitu kimoja tu, bendera ya kambi, na kila jioni ilipepea kuelekea mtoni. Upepo ukamvusha tena, ukamtua ng'ambo, karibu na sufuria ya ugali ya wenzake. Akatazama juu, kindege kilipokuwa kikizunguka, akapiga saluti.

"Nzima kabisa, afande," akasema. "Ukiitaka, njoo uichukue."