Ufagio wa Mbodze na Jicho la Jabali

Ngano iko mlangoni!

Ifungulieni, iingie.

Ina watu, ina wanyama, ina vumbi miguuni!

Iingie na vumbi lake.

Haya basi, sogeeni. Aliye na mtoto ampakate. Aliye na usingizi aukunje, aukalie.

Zamani, zamani zile ambazo mlima ulikuwa bado haujamaliza kuota, watu na wanyama walisemezana kama majirani. Palikuwa na kijiji, na juu ya kijiji palikuwa na jabali kubwa, limeinama kama ng'ombe anayekunywa. Katikati ya jabali palikuwa na tundu, na tunduni mlitoka maji. Watu waliliita Jicho.

Maji ya Jicho hayakuwa na mwenyewe. Watu walikunywa, wanyama walikunywa. Simba akifika na Swala akifika, walisalimiana, wakanywa, kila mmoja akashika njia yake. Hakuna aliyemng'ata mwenziwe jabalini.

Ukaja mwaka wa mafuriko. Mlima ukameguka huko juu, tope likashuka, likalifunika jabali lote. Mvua ikaisha, jua likawaka, tope likakauka likawa gumu kama chungu kilichochomwa. Upepo ukaleta majani makavu na vumbi, ukayalundika juu yake. Popo na ndege nao wakaongeza yao. Jicho likazibwa, maji yakakoma.

Tembo akasema, "Mimi nitalifungua. Hizi pembe nilipewa za nini?"

Akapiga mara ya kwanza, kimya. Akapiga mara ya pili, kimya. Akapiga mara ya tatu, na jabali likaguna.

Liliguna kama mgonjwa aliyeguswa kidonda. Mguno ulipita chini ya nyayo za watu, ukapita chini ya kwato za wanyama, na nyuma yake yakasikika maji yakirudi chini, chini, chini. Watu wakaziba vinywa kwa viganja. Tembo akarudi kinyumenyume.

Mwaringa, aliyekuwa jumbe wa kijiji, akasimama mbele ya wote. "Hapa pasiguswe tena kwa chuma, wala kwa pembe, wala kwa kwato," akasema. "Hapo penye Jicho jiwe ni jembamba kama ganda la yai. Tukilivunja, maji yatazama na hayatarudi."

"Basi tufanyeje, Jumbe?" watu wakauliza.

"Tuhame. Twende mto mkubwa."

Na mto mkubwa, jamani, ulikuwa ng'ambo ya mbuga isiyo na mti hata wa kumpa kuku kivuli.

Katika kijiji hicho alikuwepo mwanamke jina lake Mbodze. Kazi yake ilikuwa kufunga fagio za chelewa, zile njiti za makuti, na aliishi na mama yake, Bi Nyevu. Bi Nyevu alikuwa haoni, na miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu. Mbuga ile asingeivuka, na kila mtu alijua, ila hakuna aliyelitamka.

Bi Nyevu akalitamka mwenyewe. "Mwanangu, nenda na wenzako. Mimi nimeyanywa maji ya Jicho tangu sina meno mpaka sina meno tena. Yatosha."

Mbodze aliinuka. Alitoka, akapanda jabalini peke yake, akalaza sikio juu ya lile tope gumu. Akangoja. Akasikia mbali sana chini, chwi, chwi, chwi, kama mtoto anayenong'ona ndani ya shuka.

Maji yalikuwapo. Mbodze akakaa pale kwa muda, anaogopa hata kupumua.

Akamwendea Jumbe. "Jumbe, jabali halitaki kupigwa. Niache nilifagie."

"Mwanangu, tope lililozishinda pembe za Tembo litafagiliwa?"

"Pembe hazikushindwa, Jumbe. Zilizidi."

Mwaringa akajikuna kidevu. "Haya. Fagia mpaka tumalize kusaga unga wa safari. Unga ukiisha kusagwa, tunaondoka."

Mbodze akachukua ufagio wake wa chelewa, akapanda. Jabali lile lilikuwa na mteremko mkali, ikambidi ashike mzizi kwa mkono mmoja na afagie kwa mkono wa pili. Akaimba:

*Fagia polepole, jabali lina roho,*
*Fagia polepole, jicho halichokolewi.*

Majani makavu yakaondoka. Vumbi likaondoka. Lakini ufagio ulipolifikia tope gumu, njiti zikavunjika, kach, kach, kach, mpaka akabaki na kishina mkononi. Akashuka.

Akaenda kwa Nungunungu, akabisha hodi penye shimo lake. "Shemeji Nungunungu, naomba miiba yako."

"Miiba yangu ni nguo yangu," Nungunungu akasema kutoka ndani. "Nikupe nibaki uchi? Na utanipa nini?"

Mbodze alikuwa na tikiti moja tu, akiba ya mama yake. Akalipasua, nusu akaifunga kwenye kanga, nusu akaisukumia shimoni. Nungunungu akala nyama, akala mbegu, akala na ganda. Kisha akatoka, akajitikisa, na miiba iliyokuwa tayari kudondoka ikadondoka. "Okota hiyo," akasema. "Iliyobaki bado tunapendana."

Mbodze akaifunga miiba kwenye kijiti, akapanda jabalini, akaimba wimbo wake. Safari hii tope lilikubali. Likakwaruzika, likamomonyoka punje kwa punje. Lakini punje zikabaki palepale, kwa kuwa miiba hukwaruza, haizoi. Ikambidi kila mara ashuke achukue ufagio wa chelewa, apande tena, afagie, ashuke tena achukue miiba. Huko kijijini mawe ya kusagia yalikuwa yakilia, na kila alipoyasikia alizidi kuharakisha.

Na chini ya tope akakuta uchafu wa tatu. Ulikuwa ukoga wa kijani, mzito, wenye kuteleza, umelishika jiwe kama ngozi. Akajaribu chelewa, ikateleza juu yake. Akajaribu miiba, na mara tu ilipogusa jiwe, jabali likaguna kidogo. Mbodze akaitoa haraka, akapiga magoti.

"Nisamehe," akaliambia jabali.

Akamtafuta Nyumbu, akamkuta amesimama juani. "Kaka Nyumbu, nataka singa za mkia wako. Ni laini, lakini zina nguvu."

"Ukinikata mkia, nzi nitawafukuza kwa nini?"

"Sikukati. Nitakuchana tu. Zitakazobaki kwenye chanuo ndizo zangu."

Nyumbu hakuwa amewahi kuchanwa tangu azaliwe. Akageuka, akafumba macho. Mbodze akamchana mkia mpaka ukang'aa, na singa zilizotoka zikamtosha.

Sasa alikuwa na chelewa, ana miiba, ana singa. Mikono ni miwili, na mmoja lazima ushike mzizi. Akaona avifunge vyote pamoja kwenye mpini mmoja. Akavifunga tita moja nene, akajaribu uani kwake. Miiba ikazikatakata singa, chelewa ikajisokota kwenye miiba, na uchafu ukamtazama tu.

Mbodze akautupa ufagio chini, akakaa kizingitini. Machozi yakamtoka.

Karibu na nyumba palikuwa na mfenesi mkavu, na juu yake Kigogota alikuwa kazini, ko-ko-ko-ko. Mbodze akamwangalia kwa kuwa hakuwa na lingine la kuangalia. Akaona Kigogota anajiegemeza mtini kwa mkia, mkia mgumu kama mkongojo. Anatoboa gome kwa mdomo. Kisha anatoa ulimi mrefu, mwembamba, anamvuta mdudu kwa upole. Mwili mmoja, kazi tatu, na kazi moja haimgusi mwenziwe.

"Shoga Kigogota," Mbodze akaita, "hivyo vyombo vyako havigombani?"

"Vitagombana vipi?" Kigogota akasema. "Kila kimoja kina mahali pake. Mimi kazi yangu ni kugeuka tu."

Mbodze akasimama na machozi yake yangali usoni. Akachonga kipande kifupi cha ubao, akakipigilia kwa kukikingamisha kwenye ncha ya mpini mrefu. Upande mmoja wa ubao akatoboa matundu, akapandikiza miiba, akaibana kwa ulimbo. Upande wa pili akazifunga njiti za chelewa. Ncha nyingine ya mpini, ile ya mkononi, akaifunga singa. Pageuze hapa, unakwaruza. Pageuze hapa, unazoa. Ugeuze mpini wote, unasugua.

Akaujaribu kwa matope ya uani, akaujaribu kwa masizi ya jikoni, akaujaribu kwa kinyesi cha kuku kilichokaukia jiwe la mlangoni. Vyote vikatoka. Bi Nyevu akaomba aushike. Akaupapasa kutoka ncha hadi ncha, taratibu, na mkono ulipofika mwisho akaurudisha tena mwanzo.

"Sijapata kushika kitu kama hiki," akasema kwa sauti ndogo.

Mbodze akauegemeza ufagio ukutani, akalala, maana alikuwa amechoka hoi.

Fisi alikuwa amejibanza nyuma ya ua, ameona yote. Akawaza, "Nikilifungua Jicho mimi, maji yatakuwa yangu. Anayetaka kunywa ataniletea mfupa kwanza." Alfajiri na mapema akaubeba ule ufagio, akapanda jabalini.

Mbodze alipoamka hakuuona. Akakimbia, akafika chini ya jabali kukiwa kumeanza kupambazuka. Akamwona Fisi juu ya ukoga, ameugeuza ufagio upande wa miiba, anakwaruza kwa pupa.

"Fisi, geuza! Hapo ni pa singa!"

"Kwani ufagio una mlango?" Fisi akajibu. "Kufagia ni kufagia."

Akakwaruza mara moja, mara mbili, mara tatu. Jabali likaguna, mguno mrefu kupita ule wa kwanza. Fisi akashtuka, ukoga ukamponyoka miguuni, akaanguka kitako juu ya miiba, akaserereka mpaka chini. Akaondoka analia, nyuma ameishusha. Mtazameni hata leo anavyotembea.

Mbodze akauokota ufagio, akapanda. Akalaza sikio kwenye jiwe. Safari hii hakusikia kitu. Akahamisha sikio, akangoja, hakusikia kitu. Na huko kijijini mawe ya kusagia yalikuwa yamenyamaza. Unga umekwisha kusagwa.

Watu wakatoka na mizigo vichwani. Wanyama nao wakatoka porini, foleni ndefu, Tembo mbele, vifaranga vya kanga nyuma. Wakafika chini ya jabali ndipo wakamwona. Mwaringa akaita, "Mbodze, shuka, mwanangu. Tunaondoka."

Mbodze hakushuka. Hakuwa na hakika ya lolote, lakini ulikuwa umebaki ukoga tu, na hakuweza kuliacha jabali na uchafu huo usoni. Akanyunyizia majivu ya kusugulia aliyokuwa ameyafunga kwenye pindo la kanga tangu jana, akashika mzizi, akaugeuza mpini, akaanza kusugua kwa singa. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini akaimba:

*Fagia polepole, jabali lina roho,*
*Fagia polepole, jicho halichokolewi.*

Ukoga ukatoka kama ngozi ya nyoka. Chini yake jiwe lilikuwa jeusi, linang'aa, na ndani ya weusi huo mlikuwa na michirizi ya buluu ambayo hakuna aliyewahi kuiona, hata wazee kupita wote, kwa sababu tangu jabali liwe jabali halijapata kuoshwa uso. Jua likachomoza, likaigusa ile michirizi. Jabali lote likawaka buluu.

Mzigo wa mtu ukaanguka, na mwenyewe hakuinama kuuokota. Simba akakaa chini. Mtoto aliyekuwa akilia mgongoni mwa mamaye akanyamaza.

Kisha Jicho likatoa tone. Tone moja, likasimama kwenye ukingo, likamtazama Mbodze. Yeye naye akalitazama, singa mkononi. Likadondoka. Likafuata la pili, likafuata la tatu, halafu hayakuhesabika tena.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Tembo alipiga magoti ya mbele, na nyuma yake wote wakapiga magoti, wenye kwato na wenye kucha, asubuhi kweupe. Maji yakapita katikati yao yakishika njia yake ya kale, yakateremka kijijini.

Bi Nyevu alikuwa amekaa kizingitini, anangoja kuachwa. Akahisi kitu cha baridi kinagusa kidole cha mguu wake. Akakivuta kidole. Akakirudisha. Akainama polepole, akachota kwa kiganja, akanywa, akachota tena, mpaka Mbodze alipofika, akaketi kando yake, amelowa mpaka magotini. Wakakaa hivyo, miguu yao wote wawili majini.

Mizigo ilifunguliwa siku hiyohiyo. Kila nyumba ikajifunza kufunga ufagio wa pande tatu, na kila mwaka, mvua zikiisha, watu na wanyama hupanda jabalini kulisafisha, kila mmoja na zamu yake.

Nanyi mlionisikiliza, lishikeni neno hili: uchafu sugu hautolewi kwa hasira. Kuna unaotaka kukwaruzwa, kuna unaotaka kuzolewa, na kuna unaotaka kubembelezwa. Mwenye busara hugeuza mkono wake kabla hajaongeza nguvu. Na hayo si ya uani peke yake, ni ya nyumbani pia, na ya moyoni.

Ngano yangu ndiyo hiyo. Iliyo tamu chukueni mwende nayo kwenu. Iliyo chungu niachieni mimi, nitaila na chumvi.