Feni ya Ezekia Luvanda

Kisichozunguka kimeshikwa.

Methali hiyo mmeisikia leo kwenye kikao cha kijiji, mkaona watu wazima wote wananyamaza na hoja ya kumfukuza yule kijana inafungwa, nanyi mkabaki kutazamana. Sasa mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Kwanza msiwasingizie wahenga, kwa maana wahenga hawakuwa na gari. Maneno hayo yalizaliwa kwa sababu ya pikapu ya Ezekia Luvanda, hapa hapa Lihanzi, mwaka ule sakitu, ule umande wa barafu, ilipochoma viazi vyote shambani. Nilikuwepo, na niliyasikia kwa masikio yangu. Sogeeni kwenye moto niwaambie.

Siku hizo Ezekia ndiye peke yake hapa kijijini aliyekuwa na gari lenye hita. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, mlango mmoja ulifungwa kwa waya, lakini ukikaa ndani ulipata joto la kukufanya usahau kuwa uko huku Makete kwenye baridi. Na alilipenda! Mnajua desturi ya wenye magari huku juu: jioni wanafunika boneti kwa magunia yaliyojazwa majani makavu ili injini isigande. Ezekia hakuridhika na majani. Aliongeza sufu ya kondoo, akaongeza na vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani ya mkewe. Mkewe, Orida, alikuwa fundi wa kushona, akazoea kusema mbele yetu sote kwamba gari la mumewe linalala pazuri kuliko watoto wake.

Sisi akina mama tulikuwa na kikundi cha kufuga kuku. Tulikuwa tumejinyima miaka miwili tukajenga banda, tukaagiza vifaranga mia tatu Njombe. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya maana, hawezi kujipasha joto mwenyewe, na kutoka Njombe hadi hapa ni saa nne za barabara mbaya na upepo. Ndiyo maana tulimpa Ezekia kazi hiyo. Maboksi yangekaa naye mbele, hita ikiwapulizia njia nzima.

Safari ya kwanza, mwezi wa tano, feni ya hita ilisimama katikati ya mlima. Maji ya moto yalikuwa yanapita kwenye hita kama kawaida, joto lilikuwepo, ila hapakuwa na kitu cha kulisukuma liwafikie vifaranga. Ezekia alivua koti akawafunika. Akavua na sweta. Alipofika tulikuwa tumesimama bandani tukiimba, tukafungua boksi la kwanza, likawa kimya. La pili kimya. Sijui kama mmewahi kusikia boksi la vifaranga lililonyamaza, nami siwaombei mlisikie. Tuliwazika nyuma ya banda, na Ezekia hakushuka garini mpaka tulipoondoka.

Mwenye kituo cha vifaranga alituhurumia. Akasema atatupa wengine mia tatu, Alhamisi fulani ya mwezi wa sita, na baada ya hapo tusimrudie tena na machozi. Kwa hiyo ilibidi feni ipone kabla ya Alhamisi. Ezekia akalipeleka gari kwa fundi mmoja huko mjini. Fundi akaweka fyuzi mpya, akawasha, ikakata. Akaweka nyingine, ikakata. Akafunga boneti akasema mota ya feni imeungua, na kwa gari kuukuu kama hilo haipatikani peke yake, lazima inunuliwe hita nzima. Bei aliyoitaja ilikuwa bei ya ng'ombe.

Na ng'ombe walikuwa naye mmoja tu, wa maziwa. Ndiye aliyewalisha watoto wao, na wa kwangu pia, maana kila asubuhi nilikwenda kwao na kikombe changu. Ezekia hakulala siku kadhaa, kisha akapatana na mnunuzi kutoka kijiji cha bondeni, Zakayo Ndelwa, aje Jumatano amchukue. Alisema bora watoto wake wanywe uji mkavu kuliko akina mama wazike vifaranga mara ya pili. Tangu apatane naye, gari lilikaa uani limefunikwa magunia yake, halikuguswa.

Jumatano ile asubuhi nilikwenda na kikombe changu nikijua ni maziwa ya mwisho. Nilimkuta Orida barazani anashona sare ya shule, kanga amejifunga kichwani, na macho yamevimba. Cherehani ikagoma katikati ya mshono. Wengine tungepiga pedeli kwa hasira. Orida aliacha mguu wake ukatulia, akainamisha cherehani, akafungua kibati cha chini, akachungulia, akachomoa kwa ncha ya sindano kifundo cha uzi kisichozidi punje ya ulezi. Akazungusha gurudumu kwa kidole. Likaenda.

Akabaki na kile kifundo mkononi, akilitazama gari.

“Baba Faraja,” alimwita mumewe. “Hiyo feni nani ameiona?”

“Fundi ameiona.”

“Ameiona kwa macho?”

“Fyuzi zimekata mbili, Mama Faraja. Fundi ana cheti.”

“Sijauliza cheti. Nauliza ameifungua akaitazama?”

Ezekia akakuna shingo. “Hakuifungua. Alisema hakuna haja.”

“Na wewe?”

“Mimi ni dereva.”

“Kwa hiyo tunauza ng'ombe kwa ajili ya kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona,” alisema Orida. Hakupaza sauti. “Cherehani yangu ikigoma siendi kununua nyingine. Kisichozunguka kimeshikwa. Niletee bisibisi.”

Ezekia alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Akasema gari si cherehani. Orida akajibu kwamba chuma kinachozunguka ni chuma kinachozunguka, na kama ataharibu, si wamekwishaambiwa imeharibika? Mumewe akaileta bisibisi. Orida akamwagiza kwanza afungue waya wa betri, kwa sababu hata taa ya ndani haibadilishwi umeme ukiwepo. Kisha akavua viatu, akaingia upande wa abiria, akalala chali sakafuni kichwa kikiwa chini ya dashibodi, miguu nje. Akachomoa droo ya dashibodi, akachomoa plagi ya waya, akanipa skrubu moja moja nizishike kwenye kikombe changu cha maziwa. Zilikuwa tano.

Zakayo Ndelwa akaingia uani na kamba begani.

“Kamwene,” akasalimu.

“Kamwene,” tukaitikia mimi na Ezekia.

“Ng'ombe yuko tayari?”

Ezekia alimtazama, akaitazama miguu ya mkewe. “Nipe dakika, ndugu yangu.”

“Njia ni ndefu na jua halingoji mtu.”

“Basi leo lingoje!” ilisema sauti ya Orida kutoka chini ya dashibodi. Zakayo akashtuka, hakuwa ameona kwamba ile miguu ina mtu.

Feni ilishuka nusu ikakataa. Orida aliizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, bila kuilazimisha, akiisemesha kama anavyoisemesha cherehani yake. Halafu ikamshukia yote kifuani. Nikadhani ameumia.

“Njooni,” alisema taratibu. “Njooni muone. Kisichozunguka kimeshikwa.”

Tuliinama wote watatu, na Zakayo na kamba yake.

Feni yenyewe ilikuwa duara, kama kikapu kidogo chenye mapezi mengi membamba kuzunguka ukingo. Na ndani ya kikapu hicho mlikuwa na nyumba. Sina neno jingine. Panya alikuwa amejenga humo nyumba ya mviringo, akazipitisha nyuzi kati ya pezi na pezi, ndani na nje, ndani na nje, zimebana hata kidole hakipiti. Nilizitambua nyuzi. Nyekundu ilikuwa ya sweta za shule. Buluu ilikuwa ya majoho ya kwaya yetu, yaliyoshonwa na Orida mwenyewe. Sufu nyeupe ya kondoo aliitandika katikati, na ukingoni alipanga maua makavu ya pareto, moja baada ya jingine. Pareto, wajukuu zangu! Sisi tulifundishwa na bwana shamba kwamba pareto inafukuza viroboto. Yule panya alifundishwa na nani? Na katikati ya sufu walilala watoto sita, wekundu, macho hayajafunguka, hata mmoja si mkubwa kuliko ncha ya kidole changu, na wote wanapumua.

Zakayo alivua kofia. Nimeishi miaka mingi, nimeona maaskofu na nimeona treni, lakini sijaona kitu kilichoninyamazisha namna ile. Nilisikia hofu, si hofu ya kutaka kukimbia, ile nyingine ya kutaka kupiga magoti. Kiumbe asiye na sindano wala taa alifanya kazi ile gizani, na fundi mwenye cheti hakujua kama ipo.

Ezekia ndiye aliyezungumza kwanza. Aliigusa ile sufu, akageuka akayatazama magunia yake juu ya boneti. “Ni mimi,” akasema. “Nilikuwa nalifunika gari likiwa bado lina moto. Nimemtandikia mwenyewe. Amepitia tundu la hewa pale chini ya kioo akavuta vitu vyangu mpaka huku. Nyuzi zake za kwanza ndizo zilizoishika feni mlimani na kukata fyuzi, na feni iliposimama akapata nafasi ya kumaliza nyumba.” Akalivuta gunia moja likaanguka chini. “Wale vifaranga niliwaua kwa upendo wa gari.”

Orida hakumlaumu wala hakumtuliza. Alikata zile nyuzi kwa wembe wa kushonea, uzi kwa uzi, ili nyumba itoke nzima. Akaitia kwenye debe kuukuu pamoja na watoto wa panya, akampa Zakayo alipeleke kwenye banda la kuni.

“Panya atakula mahindi yako, nawe unamlea?” Zakayo aliuliza.

“Leo tu. Kesho tutagombana.”

Akazungusha feni kwa kidole kimoja. Ikaenda, ikaendelea kwenda baada ya kidole kuondoka, bila kukwaruza popote. Akairudisha juu, nikampa skrubu zake. Ezekia alifunga betri, akatoa mfukoni fyuzi moja ndogo, kitu cha bei ya sanduku la kiberiti, akaichomeka. Akashika swichi asiigeuze.

“Ikikata?” aliuliza.

“Ikikata ng'ombe anaondoka,” alisema Orida. “Geuza.”

Akageuza. Kwanza ilikuwa kama mtu anayevuta pumzi. Halafu matundu yote ya dashibodi yakatutemea vumbi la pareto na manyoya ya kondoo usoni, tukapiga chafya sote wanne, Zakayo kuliko wote. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia uani. Injini ilipowashwa ikapata moto, ule upepo ukaanza kubadilika, ukawa vuguvugu, kisha joto kabisa. Ezekia aliweka viganja vyake viwili mbele ya tundu, akaviacha hapo muda mrefu, machozi yanamtoka wala hayafuti. Zakayo alikunja kamba yake. Alipewa kikombe cha maziwa, akanywa, akaondoka bila ng'ombe, na ndiye aliyeyapeleka yale maneno ya Orida bondeni kabla hata sisi hatujayarudia.

Alhamisi jioni tulisimama bandani tena. Safari hii hakuna aliyeimba. Gari liliingia, Ezekia akazima injini, na kabla hajafungua mlango tukazisikia sauti zao, mia tatu kwa pamoja. Mwenyekiti wetu, mwanamke mgumu ambaye hajawahi kulia hadharani, alikaa chini kwenye majani.

Mngeweza kuondoka sasa, methali mmeshaipata. Lakini bado hamjaielewa, kwa maana mpaka hapo yalikuwa maneno ya feni tu.

Mwaka uliofuata kikundi kilikaa kufuta majina ya wanachama wasiofika. La kwanza lilikuwa la karani wao. Miezi mitatu hakuonekana, zamu zake za kulisha kuku walishika wengine, na watu wakitumwa kumwita aliwaambia watoto waseme ametoka. Wakasema amejivuna, mwingine akasema ni mvivu tangu kuzaliwa. Orida akauliza, “Nani amekwenda kumtazama?” Hakuna. “Basi msifute. Kisichozunguka kimeshikwa.”

Karani huyo alikuwa mimi.

Alinikuta jikoni nachambua maharage. Nikamwambia niko salama. Hakubishana. Alichukua ungo wangu, akakuta mawe yamo na maharage yako chini. Akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akayatazama macho yangu kama alivyoitazama feni siku ile chini ya dashibodi. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili. Niliona aibu kusema kwamba karani haoni kusoma, nikajificha, na kadiri nilivyojificha ndivyo walivyonichoka.

“Kumbe hapa ndipo uliposhikwa,” alisema.

Nililia kama mtoto mdogo. Wiki ile ile Ezekia alitupeleka hospitali. Nilipofunguliwa bandeji, kitu cha kwanza nilichokiona duniani kilikuwa kidole gumba cha Orida, kimejaa alama za sindano, na kila alama niliiona.

Kwa hiyo huyo kijana mliyetaka leo kwenye kikao afukuzwe kijijini, anayeshinda ndani na kuitwa mzigo na nyumba nzima, sijui ana nini. Na ninyi hamjui. Kisichozunguka, wajukuu zangu, kimeshikwa.