Nafasi Tisa za Mstari wa Mwisho

Jumatatu ya tarehe 6 Julai, saa tatu na dakika kumi asubuhi, barua pepe mbili ziliingia kwa kufuatana katika karakana moja ndogo nje kidogo ya mji wa Njombe. Tegeni masikio, na vidole pia, kwa maana hadithi hii ni ya vidole. Karakana hiyo ilichapa vitabu vya nukta nundu, yale maandishi ya nukta zilizoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa kugusa. Shule nne ziliitegemea.

Waliofanya kazi humo walikuwa wanne, na watatu kati yao walikuwa na vipaji vinavyojulikana.

Kipaji cha Mzee Longino Mtewele, fundi, kilikuwa kusikiliza mashine. Aliihudumia mashine ya kuchapa nukta kwa miaka ishirini na miwili, na kila ilipokohoa aliandika siku, saa, sauti na dawa. Madaftari yake yalikuwa saba, yote ya mistari, yamefungwa kwa kamba ya viatu.

Kipaji cha Osmund Ngailo, kijana aliyetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, kilikuwa kuzungumza na kompyuta. Alikuwa na uwezo wa kuandika programu huku akila muhindi wa kuchoma, na ikafanya kazi mara ya pili au ya tatu.

Kipaji cha Mwalimu Yustina Lwoga kilikuwa mikononi. Alikuwa haoni tangu akiwa na miaka mitatu. Hakuna ukurasa uliotoka karakana bila yeye kuusoma kwanza, na kwa sababu Julai ya Njombe hutia vidole ganzi, kila asubuhi alilishika bakuli la chai ya moto mpaka mikono ichangamke. Hapo ndipo aliposema, "Leteni."

Wa nne alikuwa msimamizi wao, Edeltruda Nyagawa. Yeye alijiona hana kipaji ila hofu. Akifunga mlango alirudi kuusukuma, akituma barua aliifungua tena kuona kama kweli imekwenda. Siku hiyo alizisoma zile barua pepe mbili mara nne kabla ya kuwaita wenzake.

Ya kwanza ilitoka kwa watengenezaji wa mfumo endeshi uliokuwa kwenye kompyuta yao. Mfumo ule sasa ni wa zamani, ilisema, na matunzo yake ya kawaida yamefika mwisho: hakuna maboresho tena wala msaada, yatabaki marekebisho ya usalama tu, nayo kwa muda. Ya pili ilitoka kwa wamiliki wa karakana. Kompyuta yoyote yenye mfumo huo ingeondolewa kwenye mtandao wao Ijumaa ya tarehe 10, saa kumi kamili alasiri. Ikiwa kufikia saa hiyo mashine haijachapa sawasawa kwa mfumo mpya, kazi ingehamishiwa Dar es Salaam na karakana ingefungwa.

"Basi mfumo umekufa, dada Eda," Osmund alisema. "Tusikae matanga. Tuhame."

"Umekufa wapi?" Mzee Longino alimjibu. "Umestaafu tu. Mimi nina miaka miwili nistaafu, na mimi utanikalia matanga?"

Lakini hata yeye alijua hakuna pa kubaki. Mwaka huo kompyuta ile ilikuwa imezimika mara mbili, na mara zote mbili aliifufua kwa vipuri vya nyingine ya rika lake. Vipuri vilikuwa vimekwisha. Na juu ya meza kulikuwa na kitabu cha Hisabati cha darasa la tano cha kuchapwa, nakala arobaini, ambacho gari lingekuja kukichukua Jumamosi saa tatu asubuhi.

Sasa sikieni alichofanya Osmund. Kompyuta mpya ilikuwapo, bado kwenye boksi lake. Tatizo ni kwamba haikuijua mashine. Waliounda mashine hiyo walifunga kiwanda zamani, hawakuacha programu yoyote ya mfumo mpya, na nambari yao ya simu ilikuwa ya duka la maua. Osmund aliketi Jumatatu hiyo hiyo akaanza kuandika mkalimani wake mwenyewe, programu ya kusimama kati ya kompyuta na mashine. Alisikiliza kila ishara iliyotumwa na kompyuta ya zamani, akaiandika, akaitafsiri. Jumatano saa nane mchana mashine iliunguruma, ikameza karatasi, na nyundo zake zikaanza kupiga kwa kishindo cha mvua ya mawe juu ya bati. Ukurasa ukatoka umejaa nukta. Mzee Longino alivua kofia. Edeltruda aliuweka ukurasa chini ya taa, akaulinganisha na wa zamani, mstari kwa mstari. Ulikuwa sawa. Akaanza kuandika taarifa ya kuwapelekea wamiliki: imefanikiwa.

Kwa bahati, au kwa ile hofu yake, hakuituma.

Sikieni na alichofanya Mwalimu Yustina. Jumatano alikuwa zahanati. Aliingia Alhamisi asubuhi, wakasalimiana "kamwene", salamu ya huko, akalishika bakuli lake la chai, kisha akasema, "Leteni." Vidole vyake vilikwenda kulia, vikarudi, vikaenda tena. Akauliza nani ameukagua ukurasa ule. Edeltruda akasema ni yeye, mara mbili, chini ya taa.

"Nyie wenye macho mnazitazama nukta kama mvua dirishani," Mwalimu Yustina alisema. "Mnaiona, lakini hailoweshi. Osmund, mwanangu, nisomee hesabu ya nne, namba ya mwisho."

"Kumi na saba, Mwalimu."

"Mimi nasoma kumi na tatu."

Osmund akasema nukta zote ziko pale, anaziona. Mwalimu akakishika kidole cha shahada cha kijana na kukiburuta polepole juu ya mstari. Kushoto nukta zilikwaruza. Kulia kabisa, kwenye ukingo, zile za safu ya katikati zilikuwa zimelala. Machoni zilikuwa kivuli tu, na kwa kidole hakuna kitu. Saba ikikosa nukta za katikati husomeka tatu. Watoto wa shule nne wangekosa hesabu walizozipata, wakapigiwa mkasi wa kosa na walimu wao, na asingejua mtu kwa nini. Taarifa ya Edeltruda ya Jumatano ilikuwa bado kwenye kompyuta, imekamilika, imebaki kubonyezwa tu.

Ikabaki siku moja na nusu. Osmund aliipitia programu yake yote na hakuona kosa, na ni kweli halikuwamo. Kila ishara iliyotumwa na kompyuta ya zamani ilikuwamo.

Sikieni basi alichofanya Mzee Longino. Ijumaa asubuhi aliomba wote wanyamaze na mashine iwashwe. Alifumba macho, mkono juu ya chuma. Nyundo zilipiga safu ya juu kwenda kulia, zikageuka, zikarudi kushoto zikipiga safu ya katikati. Akasema haipumui. Alifungua daftari la tatu, akalamba kidole, akafunua, na miaka kumi na minne nyuma akakuta maneno yake mwenyewe: *Akigeuka mwache avute pumzi. Robo ya sekunde. Asipopumua, nukta za ukingoni hulala.* Wakati ule alitengeneza kifaa kidogo cha kuchelewesha, akakiweka ndani ya kompyuta ya zamani, akakisahau. Kutulia kule hakukuwa ishara, kulikuwa ukimya kati ya ishara mbili. Osmund alizinakili ishara zote. Ukimya hakuwa na habari nao.

"Mzee, robo ya sekunde?" Osmund aliuliza. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Wewe ukikimbia ukageuka ghafla hutegui mguu?"

Osmund aliandika mstari mmoja. Saa tisa na dakika arobaini ukurasa mpya ulitoka. Mwalimu Yustina alikuwa amekwisha kupasha mikono moto. Alisoma toka juu hadi chini. Mwishoni akarudi hesabu ya nne.

"Kumi na saba," alisema.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili Edeltruda alituma taarifa, kisha akaifungua tena kuona kama imekwenda. Saa kumi kamili taa ya mtandao kwenye kompyuta ya zamani ilizimika. Mzee Longino aliifunika kwa kitambaa chake cha maua, akaigonga mara moja juu ya kichwa, kama mtu anayemuaga mwenzake wa zamu. Edeltruda aliwatazama watu wake watatu. Mashine iliyotupwa na walioiunda, iliyokuwa ikiendeshwa na mfumo uliokwisha kuachwa, ilikuwa imesemeshwa upya Njombe, kwa mikono ya Njombe.

Hapo ndipo mtanziko ulipozaliwa.

Karakana hiyo ilikuwa na desturi. Mstari wa mwisho wa kila kitabu ulisema: *Imepigwa na mashine Gaudensia.* Sista Gaudensia ndiye aliyeifanya mashine ile iseme kwa mara ya kwanza, na watoto wa shule zile nne, wakimaliza kitabu, huligusa jina hilo na kusema, "Asante, Gaudensia." Kabla ya kufa, Sista aliacha agizo kwa maandishi: siku mashine itakapopewa kichwa kipya, yaani kompyuta nyingine, iitwe kwa jina la aliyeifanya iseme tena. Jina moja. Mstari una nafasi thelathini na mbili. Ukitoa maneno, mapengo kati yake, alama za herufi kubwa na kituo cha mwisho, zinabaki nafasi tisa.

Walilizungumza juu ya chai. Osmund hakuona aibu kusema kwamba bila yeye pasingekuwa na nukta ya kulala wala ya kusimama. Mzee Longino alisema kijana amefanya kazi ya kiume, lakini mashine iliyokuwa ikisema uongo haikuwa imesema bado, na aliyeinyoosha ni yule aliyeijua pumzi yake. Mwalimu Yustina alicheka.

"Mngekuwa mmekwisha kuvifungasha vitabu nyie wawili," alisema. "Mlikuwa mnashangilia kumi na tatu. Mgonjwa asiyejua anaumwa atamtafuta mganga wa nini?"

Mzee Longino alimjibu kwamba kujua unaumwa si kupona. Osmund akapendekeza herufi tatu za mwanzo wa majina yao, tena zinaenea. Mwalimu akakataa: mtoto hawezi kuzishukuru herufi tatu, anamshukuru mtu. Mwishowe wote wakageukia upande mmoja.

"Mama msimamizi," Mzee Longino alisema, "wewe ulikuwapo siku zote tano. Andika wewe. Utakaloandika hatutanuna."

"Mimi nitanuna," Mwalimu Yustina alisema, "lakini siku moja tu."

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, Edeltruda alifungua karakana saa moja na robo, peke yake. Mashine ilikuwa imechapa hadi usiku wa manane, na nakala arobaini zilikuwa zimepangwa, zimebakiza ukurasa wa mwisho. Alichapa wa kwanza, akaacha zile nafasi tisa tupu, akauchukua mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo katika miaka sita ya kazi hakuwahi kulifanya: alizima taa yake ya kukagulia. Alishika bakuli la chai mpaka mikono ikapata moto, akafumba macho, akausoma mstari ule kwa kidole, polepole, kama mtoto wa darasa la tano. *Imepigwa na mashine*, kisha karatasi laini, laini, laini, kisha kituo.

Kila nukta aliyoigusa ilikuwa ya Osmund, maana yeye ndiye aliyeileta. Kila nukta ilisimama kwa sababu ya Mzee Longino. Na asingekuwa amepasha mikono moto kwa chai wala kufumba macho kama si Mwalimu Yustina.

Alifumbua macho, akaandika jina moja, akabonyeza, na mara hii hakurudi kuhakiki. Nyundo zikapiga kwenda kulia, zikavuta pumzi, zikarudi. Saa tatu gari likaondoka na nakala arobaini.

Jina hilo watoto wa shule nne wanalijua, na kila wanapomaliza kitabu wanalishukuru. Lakini ninyi msikimbilie kuwauliza. Karatasi ile ya kwanza, yenye nafasi tisa tupu, Edeltruda hakuitupa, na leo nimeiweka mbele yenu. Iguseni. Aliyeipa mashine maneno, aliyeujua uongo wake, au aliyeirudishia pumzi: je, wewe ungeandika jina la nani?