Ng'ombe wa Mbelwa

Hapo zamani, enzi ambazo mganga hakuruhusiwa kumpa mtu dawa kabla hajaionja mwenyewe hadharani, palikuwa na mganga aliyeitwa Semkiwa. Siku moja alichimba mzizi wa kutuliza tumbo, akausaga, akaunywa watu wakimtazama. Akalala fofofo mpaka asubuhi. Akaamka anacheka.

"Salama!" akatangaza.

Wajawazito waliokuwa wakitapika kila asubuhi wakaja mbio. Wakanywa. Kichefuchefu kikakoma, wakala, wakanenepa, mji mzima ukamsifu Semkiwa. Kisha watoto wakaanza kuzaliwa na mikono mifupi, inayoishia kwenye kiwiko. Mmoja. Watatu. Saba. Inauma kusimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mkunga wao, Bi Nyange, akapita nyumba kwa nyumba na swali moja: "Mwanangu, ulikunywa nini?" Mama wote saba wakajibu jibu moja. Akamfuata Semkiwa barazani kwake.

"Lakini mimi niliionja!" akalia Semkiwa.

"Uliionja, ndiyo. Ulikuwa na mimba?"

Bi Nyange akaupiga mzizi marufuku, na mlango wa mganga haukubishwa hodi tena.

Miaka ikapita. Mfugaji Mbelwa akaugua ukoma. Vidonda vikamjaa mwili, akajengewa kibanda mbali na watu, uji akisukumiwa kwa mti. Ndipo akasimama Mwanahawa, mmoja wa wale saba, sasa mama mtu mzima anayesuka mikeka kwa vidole vya miguu.

"Marehemu mama aliniambia, alipokunywa dawa ile kidonda chake cha mguuni kilikauka. Mpeni Mbelwa."

"Mwanahawa! Dawa iliyokunyima mikono?" watu wakashangaa.

"Mbelwa naye ana mimba?" akawajibu.

Watu wakacheka, wakakubali. Semkiwa akachimba, akaonja. Bi Nyange akaweka sharti: mjamzito asiinywe, asiisage, asiguse hata kikombe chake. Mbelwa akanywa siku baada ya siku. Vidonda vikakauka. Akarudi nyumbani, akala sinia moja na ndugu zake, machozi ya furaha yakidondokea wali.

Sasa, Mbelwa alikuwa ameapa kwamba aliyemponya atampa ng'ombe wake wa maziwa. Na ng'ombe alikuwa mmoja tu.

"Wangu huyo," akasema Semkiwa. "Mzizi niliugundua mimi, na aibu yake nikaibeba peke yangu miaka yote. Mlipouhitaji, nani mwingine alijua unapoota?"

"Babu wee!" akadakia Bi Nyange. "Bila swali langu, wale saba wangekuwa sabini. Na bila sharti langu, leo tungekuwa tunamponya Mbelwa na kuumiza wengine."

"Shikamooni wazee wangu," akasema Mwanahawa. "Mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kuichukia dawa hii mpaka kaburini. Ningenyamaza, nani angenilaumu? Sikunyamaza."

"Ukipewa, utamkamuaje?" akamtania Semkiwa.

"Miguu inayosuka mkeka itashindwa na chuchu?"

Hata Mbelwa akacheka mpaka kamba ya ng'ombe aliyoishika ikamponyoka. Akaiokota, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Kamba bado anayo mkononi, na ng'ombe anataka kukamuliwa.

Haya, nyie mnaonisikiliza, acheni kunitazama mimi. Kamba ile ampe nani? Je, nani alistahili?