Mkanda wa Mheshimiwa Kiboko

“Na ikiisha?”

Kanga aliuliza hivyo, tena kwa sauti, mbele ya wanyama wote. Hakuna aliyemjibu. Si kwamba hawakumsikia. Midomo ilikuwa imejaa chumvi.

Lakini nimekurupuka, hata kuwaita sijawaita. Paukwa!

Pakawa!

Na nyinyi watu wazima mlioegemea ukuta, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, zamani ambazo hata bibi yake bibi alizisikia tu, palikuwa na bonde. Na katika bonde hilo aliishi Muhanga, mama wa masikio marefu, mchimbaji wa kuzaliwa. Siku moja alikuwa akichimba mchwa wake, chwa, chwa, chwa, akagonga kitu cheupe. Akalamba. Chumvi.

Weee, bonde likachangamka. Wanyama wakaja kutoka mbali, wakaleta nyasi, wakaleta asali, wakalamba, wakaondoka wakiimba. Wenyeji wakaacha kila kazi. Aliyekuwa akilima, akachimba. Aliyekuwa akifuga, akachimba. Chwa, chwa, chwa. Ndipo Kanga akauliza lile swali lake, na chumvi ikaendelea kulambwa.

Ikaisha. Chwa, chwa, ngo. Jiwe tupu. Wageni wakageuza njia. Pakabaki shimo kubwa katikati ya bonde, na njaa pembeni yake.

Kiongozi wa bonde alikuwa Kiboko. Akawaita wote mkutanoni. Akakohoa, hmm, hmm.

“Ndugu zangu, nimewaza sana. Kuna sera mpya. Tufunge mikanda, na bonde litakua.”

“Litakua nini, Mheshimiwa?” Kanga akauliza. “Boga ukilifunga kamba, linakua?”

“Mambo ya sera ni mazito, binti. Kaa.”

Basi ikasukwa mikanda ya ukindu, kila mnyama na wake, tumboni. Fisi akafanywa Mkaguzi wa Mikanda. Kila asubuhi anapita: kaza, kaza, kaza. Kwa Punda Milia akasimama, akamtazama mbavu hizi na hizi.

“Wewe ndugu ni mzalendo kweli. Una mikanda mpaka miguuni.”

“Bwana Fisi, hii ni ngozi yangu.”

“Mfano wa kuigwa. Ongeza na mmoja.”

Akaongezwa.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Muhanga alikuwa na wazo. Kila masika maji yalishuka kutoka kilimani, yakapita kando ya bonde, yakapotelea korongoni. Akamwambia Kanga, “Mwanangu, nikichimba mfereji kutoka pale kilimani, lile shimo litajaa. Tutapata bwawa. Tukipata bwawa, tutapata malisho, mboga, samaki, na wageni watarudi kunywa. Lakini mvua iko karibu. Ikitupita mwaka huu, mwakani hutamkuta mtu hapa.”

“Sasa unangoja nini, Shangazi?”

Muhanga akainama achimbe. Kwiii. Mkanda ukamkata pumzi, akaanguka chali, miguu juu.

“Nangoja tumbo langu,” akasema.

Wakaenda kwa Kiboko. Wakamkuta majini, kwenye kidimbwi chake, anatafuna, mchakato, mchakato.

“Mheshimiwa, mfungulie Shangazi achimbe mfereji.”

“Nikimfungulia mmoja, wote watataka. Vumilieni.”

“Na wewe, mkanda wako uko wapi?”

Kiboko akameza. “Wangu nimeufunga moyoni.”

Kanga manyoya yakamsimama. Angeweza kupiga kelele, na kelele ndizo anazozijua. Akazimeza. Kesho yake mkutanoni akasimama mbele, akainamisha kichwa kwa adabu.

“Mheshimiwa, tunaona aibu. Mkanda ndio unaokuza, umesema mwenyewe. Sisi wadogo tunayo, wewe mkubwa wetu huna. Wageni wakipita watasema bonde hili halimheshimu kiongozi wake.”

Kiboko akafikiri. Akajitazama. “Hilo neno. Nami nataka wa kwangu. Na uwe mkubwa kuliko yote.”

“Ukindu umekwisha, Mheshimiwa. Labda utumie huu wangu.”

Akaufungua, akampa. Ukafika ubavuni tu. Haya, nisaidieni kuimba: unganisha, haujafika!

Akafunguliwa Muhanga. Unganisha, haujafika!

Akafunguliwa Punda Milia, miwili. Unganisha, haujafika!

Wakafunguliwa swala, wakafunguliwa ngiri, wakafunguliwa nungunungu kwa tahadhari. Mwisho Fisi naye akavua wake, maana amri ni amri. Ndipo ukafika, Kiboko akaukaza mwenyewe, na kipande kikabaki kinaburuzwa nyuma kama mkia wa pili.

Bonde zima likashusha pumzi. Huuuuu.

“Lakini mikanda,” Fisi akasema.

“Yote anayo Mheshimiwa,” Kanga akamjibu. “Nenda ukakague.”

Muhanga akainama. Akainama vizuri. Chwa, chwa, chwa. Ngiri akachimba, nungunungu akachimba, Punda Milia akasomba udongo. Siku ya kwanza Kiboko alisema mkanda unampendeza. Siku ya pili alisema hivyo hivyo, ila kwa sauti nyembamba. Siku ya tatu nyasi zilimpita mbele ya pua, asiweze kumeza hata jani.

Siku ya nne mfereji ukagonga jiwe, kubwa kama nyumba, na wingu limeshakaa kilimani. Wakasukuma. Wapi.

Akaja Kiboko, anatembea kwa upande. “Kanga, binti yangu,” akanong’ona, “nifungulie.”

“Umekaza mwenyewe, Mheshimiwa, halitoki fundo hilo. Ila ukivuta kwa nguvu litakatika.” Akachukua kile kipande cha nyuma, akakizungusha kwenye jiwe. “Vuta.”

Kiboko akavuta. Hmmm. Akavuta tena kwa njaa yote ya siku nne. Jiwe likatikisika, likaviringika, gurgurgur, likatua korongoni, na mkanda ukakatika, pwaa. Tone la kwanza likamwangukia Fisi puani.

Maji yakashuka. Yakaingia mferejini, yakaingia shimoni, yakajaa, yakajaa. Kabla ya mwezi kuisha nyasi zilikuwa zinafika magotini, na nyayo za wageni zilionekana tena njiani.

Kiboko akaita mkutano, anatafuna. “Ndugu zangu, sera ya mkanda imefanikiwa sana. Kwa hiyo naifuta.”

Wakacheka mpaka Fisi akawaomba wazionee huruma mbavu zake.

Mafunzo yake ni haya. Neema ya ardhini ikiisha, nchi haikui kwa kuwabana matumbo wanaoifanyia kazi. Inakua wakipewa nafasi ya kuinama na kufanya kazi. Na anayesema tujibane aanze kujibana yeye, tumwone.

Ngano yangu inatua mzigo hapa. Nawaomba jambo moja tu: mkiitwa kwenye mkutano wa mtaa, nendeni.