Nungu Mdogo na Zawadi za Marafiki

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nani?

Pakawa mama, pakawa mwana, pakawa miba mgongoni.

Basi sogeeni. Mlio nyuma njooni mbele, na anayesinzia mwenzake amfinye.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapeleka watoto shule, alikuwepo Mama Nungu na mwanawe, Nungu Mdogo. Walikaa wawili tu katika shimo lao. Mama Nungu alikuwa mpole, tena hakuacha wema wa mtu upite bila shukrani. Jirani akimrushia ganda la boga, alilitaja siku nzima. Akamfundisha na mwanawe: "Mtu akikupa kitu, ujue anakupenda."

Miba ya mtoto wake aliijua ikiwa imelala. Alimlaza ubavuni, akampapasa mgongo, na miba ikateleza kama majani yenye umande. Hakuwahi kuiona imesimama.

Ikawa siku, Nungu Mdogo akaanza shule ya Kichuguuni. Mwalimu wao alikuwa Bi Korongo, mwenye miguu mirefu, aliyeandika herufi mchangani kwa mdomo wake. Siku ile ya kwanza mtoto alirudi kimya, asile, asinywe. Mama akadhani ni uchovu.

Kesho yake akarudi na pera.

"Mama, nimepewa."

"Nani kakupa, mwanangu?"

"Rafiki yangu Digidigi."

"Basi anakupenda."

Kesho kutwa akarudi na kiazi kitamu.

"Mama, nimepewa."

"Nani kakupa, mwanangu?"

"Rafiki yangu Pimbi."

"Basi naye anakupenda."

Mtondo akarudi na unyoya mweusi wenye madoa meupe.

"Mama, nimepewa."

"Nani kakupa, mwanangu?"

"Rafiki yangu Madoa, mtoto wa Kanga."

"Hata unyoya wake kakupa? Huyo anakupenda kupita wote."

Mama Nungu akauchomeka unyoya juu ya mlango wa shimo, kila apitaye auone. Akajisemea: watoto wema namna hii, nami nikae tu nisiwashukuru? Asubuhi akachimba karanga, akajaza kikapu, akashika njia ya Kichuguuni.

Alipofika, Bi Korongo alikuwa amekwenda mtoni kulowesha miguu. Watoto walikuwa mapumzikoni. Nyuma ya kichuguu Mama akaisikia sauti ya mwanawe, akasimama, akatabasamu, amsikilize anavyocheza.

"Nigeuke au nisigeuke?"

"Usigeuke, rafiki."

"Nigeuke au nisigeuke?"

"Usigeuke, rafiki yetu."

"Basi leteni."

Mama akadhani ni mchezo wa watoto. Akachungulia.

Jamani, wenzangu. Kumbe miba ilikuwa imesimama yote, inagongana cha-cha-cha, na mwanawe amewapa wenzake ubavu, kama anayetaka kugeuka na kurudi kinyumenyume awachome. Watoto wamepanga mstari. Digidigi, yule paa mdogo kuliko paa wote, ameshika pera mdomoni, na paja lake limevimba palipochomwa na mwiba. Pimbi amekumbatia kiazi, macho chini. Mwisho wa mstari yupo Madoa, hana kitu. Amekunjua bawa lake na anatafuta kwa mdomo unyoya wa kung'oa. Na pale alipong'oa wa jana, ngozi ilikuwa nyekundu.

Kikapu kikamponyoka Mama Nungu. Karanga zikamwagika.

Watoto wakageuka, wakamwona nungu mkubwa, miba mirefu kama mikuki. Hawakukimbia. Digidigi akaweka pera chini, akaanza kuziokota karanga haraka haraka, akazirundika miguuni pa Mama.

"Shikamoo, mama," akasema. "Usigeuke. Kesho nitaleta mapera mawili."

Mama Nungu alikuwa ametoka nyumbani na neno moja, *asanteni*. Badala yake akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Nacheza na marafiki zangu, mama." Mtoto hakuwa na haya wala wasiwasi. "Wananipenda. Kila siku wananipa."

"Nani kakufundisha kuwa rafiki anapatikana hivi?"

"Si wewe, mama? Siku ya kwanza walinikimbia wote, nikakaa peke yangu. Kesho yake nikakasirika, miba ikasimama, Digidigi akanitupia pera. Nikajua ananipenda."

Mama akakaa chini pale pale. Hakumchapa. Akasema, "Madoa, mama, njoo. Sitakugusa. Utamruhusu mwanangu aweke mkono kifuani pako?"

Madoa akaja, kwa kuwa hakujua kama inawezekana kukataa. Nungu Mdogo akaweka mkono.

"Unasikia nini?"

"Moyo. Unakwenda mbio, mama. Kama unataka kutoka."

"Na moyo wangu, ukinilalia, unakwendaje?"

"Polepole."

Nungu Mdogo akautazama mkono wake, akalitazama lile bawa, na miba ikaanza kulala, mmoja, mwingine, mwingine, mpaka yote. Akazisukuma karanga mbele ya wenzake.

"Kuleni."

Wote watatu wakainama mara moja, wakala, bila hata kumenya.

Mtoto akashtuka kuliko mama yake. "Mama, wanakula kwa kuniogopa." Akarudi nyuma hatua kidogo. "Madoa, kama hutaki, usile."

Madoa akaitazama miba. Akamtazama Mama. Akatema karanga.

"Sitaki."

Digidigi na Pimbi wakafumba macho, wakingoja. Miba ikatikisika, cha... cha... Ikalala.

"Haya," akasema Nungu Mdogo.

Madoa akavuta pumzi. "Sitaki. Na hapo umesimama mahali pangu. Toka."

Akatoka.

"Na mimi sitaki," akasema Digidigi. "Na hili pera nakula mwenyewe."

"Mimi karanga nazitaka," akasema Pimbi. "Ila nitameza ninazomenya mwenyewe, usiniharakishe."

Je, walikuwa marafiki? Siku ile, hapana. Bi Korongo aliporudi alimkuta Nungu Mdogo kakaa mwisho wa darasa, peke yake, analia bila kusimamisha hata mwiba mmoja. Mama yake alitamani kubaki amshike. Akaokota kikapu kitupu akaondoka, kwa sababu kazi iliyobaki ilikuwa ya mtoto.

Hadithi yangu imekwisha, nimeitua hapa, mwenye kubeba abebe. Nyinyi wazazi, mtoto akirudi na kitu, msimuulize yeye peke yake. Mwendeeni na aliyekitoa. Na nyinyi wadogo, anayeweza kukwambia *sitaki* mbele ya uso wako, huyo ndiye anayeweza siku moja kuwa rafiki.

Mimi nilikuwepo darasani siku hizo, nikakalia kiti jirani na Nungu Mdogo kabla hajaacha kusimamisha miba. Ndiyo maana mpaka leo mnaniona nakaa upande.