Nafasi ya Nyamizi Bandani

Katika klabu ya mashua za tanga kando ya ziwa pale Mwanza, hakuna aliyezoea kushika mkia kama Nyamizi. Siku moja alimaliza shindano wakati wenzake wameshaoga, wameshakula, na mwamuzi ameshakwenda msibani. Mwenyewe alisema upepo humfikia ukiwa umechoka.

Mwenyekiti Kaijage alikuwa na mashua mbili bandani na ya tatu njiani, hivyo akaitamani nafasi ya Nyamizi.

“Jumamosi tushindane, mimi na wewe tu,” alisema. “Atakayekuwa wa mwisho shindanoni ataondoa bandani kila mashua aliyo nayo.”

“Iandike hivyo hivyo, Mwenyekiti. Na kanuni zote za klabu zifuatwe.”

“Nilizitunga mimi, dada. Zitafuatwa.” Akaandika, akatia sahihi mbele ya katibu.

Jumamosi bendera ya kuanzia ikashushwa. Kaijage akachomoka, akazunguka maboya yote, akarudi ameloa na amejaa furaha. Akamkuta Nyamizi amekaa kwenye mashua yake nchi kavu, anatafuna karanga.

“Umeogopa,” alisema. “Haya, ondoa mashua.”

“Katibu, hebu tusomee kanuni ya nne.”

Katibu akakohoa. “Mashua isiyovuka mstari wa kuanzia haitahesabiwa kuwamo shindanoni.”

“Mwenyekiti, mlivuka wangapi?”

“Nilivuka peke yangu.”

“Basi hongera kwa kuwa wa kwanza,” alisema Nyamizi, akikung’uta maganda. “Sasa tumtafute wa mwisho, tumsaidie kusukuma mashua zake. Leo angalau si mimi.”